Mjadala: Orodha ya mahabusu wa jela za kaunti za Texas, Marekani, iwekwe wazi mtandaoni au ifungwe?

Dereva Mwenza (mtoa mada):
Texas ina kaunti 254, na nyingi ni za mashamba, ng'ombe na barabara kuu. Dereva wa lori akikamatwa saa nane usiku kwenye barabara kuu ya I-40 au I-20 hulala jela ya kaunti alipokamatiwa, na familia iliyoko Dallas au Houston haijui hata kaunti hiyo inaitwaje. Masherifu (wakuu wa polisi na jela za kaunti) wengine huweka kwenye tovuti orodha ya mahabusu: jina, umri, kosa, kiasi cha dhamana, tarehe ya kuingia, mara nyingi na picha. Wengine hawaweki kitu.

Msimamo wangu ni kwamba kila kaunti ilazimishwe kuiweka, na isichelewe. Aliyekamatwa Texas anatakiwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48. Kama alikamatwa bila waranti (hati ya kukamatia) kwa kosa dogo, na saa 24 zimepita bila hakimu kuamua kama kuna sababu ya kumshikilia, aachiwe kwa dhamana isiyozidi dola 5,000. Kwa kosa kubwa ni saa 48 na dola 10,000. Nani atazihesabu saa hizo ikiwa huku nje hakuna anayejua mtu aliingia lini? Tusisahau Sandra Bland, mwanamke aliyesimamishwa barabarani na askari: alikamatwa Waller County, Texas, tarehe 10 Julai 2015, akakutwa amekufa selo tarehe 13. Dhamana ilikuwa dola 5,000, na takriban dola 500, yaani asilimia 10 ya wakala wa dhamana, zingetosha kumtoa.

Bi Faraja:
Ndugu mtoa mada, mfano huo hausimami. Familia ya Sandra Bland ilijua alipo, alikuwa ameshawapigia simu. Kilichokosekana ni pesa ya haraka na uangalizi ndani ya selo, na ndiyo maana sheria iliyopewa jina lake mwaka 2017 inahusu mambo kama ukaguzi wa mahabusu na afya ya akili. Orodha ya mtandaoni isingemwokoa.

Mimi napinga orodha ya wazi. Kukamatwa si kuhukumiwa. Kosa linaloandikwa usiku ule ni neno la askari tu. Mwendesha mashtaka anaweza kulibadilisha au kulitupa wiki mbili baadaye, lakini orodha ya jela hairudi nyuma kujisahihisha. Wakati huo tovuti za biashara zimeshanakili jina na picha. Tangu 2013 Texas inakataza tovuti hizo kudai pesa ili zikufutie habari zenye makosa, lakini kunakili kwenyewe hakujakatazwa. Mwenye nyumba akitafuta jina lako, picha ya jela ndiyo inayotangulia. California imeliona hilo: tangu 1 Januari 2022 polisi na masherifu hawaruhusiwi kubandika kwenye mitandao ya kijamii picha za waliokamatwa kwa makosa yasiyo ya ukatili.

Mkalimani wa Korti:
Wote wawili mnaongea kana kwamba jina likiwepo kwenye orodha litaonekana. Kwa watu wetu wa Afrika Mashariki na Kongo sivyo.

Kwanza, kuandikishwa huchukua muda: alama za vidole, picha, maswali ya afya, kuorodhesha mali. Jela ndogo yenye askari mmoja au wawili usiku inaweza kuchukua saa kadhaa kabla jina halijaingia kwenye mfumo. Ukikosa jina saa kumi alfajiri usiseme hayupo. Piga simu jela yenyewe, si 911 (namba ya dharura), uliza kama kuna mtu anayeandikishwa sasa hivi. Pia polisi wa mji mdogo wanaweza kumweka kwenye chumba chao kwanza, ndipo wampeleke kaunti. Na kuna kaunti zisizo na jela kabisa, hulipia vitanda kwa jirani, kwa hiyo ukiambiwa hayupo, uliza mahabusu wao wanalazwa kaunti gani.

Pili, jina. Ramadhani huandikwa Ramazani, Mohamed huwa Muhammad. Mkongomani mwenye majina matatu huweza kuwekwa jina lolote kati ya hayo mahali pa ukoo. Mwenye jina moja kwenye pasi ya kusafiria huandikwa FNU (First Name Unknown, yaani jina la kwanza halijulikani) mahali pa jina la kwanza. Andika herufi tatu au nne za mwanzo tu, na ujaribu kila jina kama la ukoo. Wakimbizi wengi wana tarehe ya kuzaliwa 01/01, kwa hiyo tarehe peke yake haimtenganishi mtu na mwenzake. Na Marekani mwezi hutangulia siku: 03/07 ni tarehe 7 Machi. Watu wamehesabu siku za kizuizini vibaya kwa sababu hiyo.

Na mtoto chini ya miaka 17 hamtamwona humo kabisa, kwa sababu Texas anahesabika mtoto na anashughulikiwa kwingine.

Msaidizi wa Wakili:
Niongeze upande wa kuachiwa, maana ndiko watu wanakoumia zaidi. Jina likitoweka kwenye orodha, familia hushangilia. Pole pole. Tovuti nyingi za kaunti ndogo huonyesha waliomo leo tu, na anayetoka hufutwa bila maelezo. Hata pale panapoandikwa kwamba ameachiwa, soma sababu: ametoa dhamana, amemaliza muda, au amekabidhiwa mamlaka nyingine. Hiyo ya tatu maana yake bado yuko kizuizini, ila si hapo. Huenda ni kaunti nyingine yenye waranti ya zamani, huenda ni Uhamiaji.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, piga jela uulize namba ya kuandikishwa, kila kosa na dhamana yake, na kama kuna zuio lolote. Zuio la Uhamiaji huiomba jela imshikilie hadi saa 48 zaidi baada ya muda ambao angetoka, na sheria ya Texas ya 2017 inazitaka jela ziliheshimu. Ukilipa wakala wa dhamana asilimia 10, pesa hiyo hairudi hata kama mtu wako ametoka mlango mmoja akaingia mwingine. Dhamana ya taslimu inayolipwa moja kwa moja hurudi kesi ikiisha, kama alihudhuria korti, pengine ikiwa imekatwa ada au faini.

Akiwa mikononi mwa Uhamiaji, orodha ya kaunti haina kazi tena. Mfumo wao wa kutafuta unataka namba ya A (namba ya faili lake la Uhamiaji) yenye tarakimu tisa pamoja na nchi aliyozaliwa. Ukitumia jina, liwe sawasawa na walivyoliandika wao. Na kama ni Mtanzania, mamlaka iliyomkamata inawajibika kuuarifu ubalozi hata asipoomba, maana Tanzania imo kwenye orodha ya nchi za lazima. Mkenya, Mganda na Mkongomani ni lazima aambiwe kwamba ana haki hiyo, lakini yeye ndiye anayeomba.

Dereva Mwenza:
Dada Faraja, kwa Sandra Bland umenisahihisha, nakubali. Lakini kuachiwa hujakujibu. Mary Byron aliuawa Louisville, Kentucky, Desemba 1993 na mpenzi wake wa zamani aliyekuwa ametoka jela bila yeye kuarifiwa. Ndipo 1994 ukazaliwa mfumo wa VINE wa kumpigia mwathirika simu mtu anapotoka. Ukifunga orodha, mwanamke anayejificha kijijini atajuaje?

Bi Faraja:
Atajua kwa huo huo VINE, au kwa mfumo wowote wa arifa ambao kaunti yake inautumia. Anajiandikisha yeye, anaarifiwa yeye. Picha haihitajiki na wapita njia hawahitajiki.

Halafu tazama Bucks County, Pennsylvania. Kaunti iliweka mtandaoni kifaa cha kutafuta mahabusu chenye kumbukumbu za kuanzia mwaka 1938, zikiwemo za watu ambao rekodi zao zilikuwa zimefutwa na korti. Mwaka 2019 baraza la raia wanaoamua kesi (jury) likaamua walipwe dola 1,000 kila mmoja, na waathirika walikuwa karibu 67,000. Hiyo ni pesa ya walipa kodi.

Karani wa Kumbukumbu:
Tofauti yenu ni ndogo kuliko mnavyodhani, kwa sababu habari zenyewe Texas si siri hata tovuti ikifungwa. Sheria ya habari za umma inamruhusu mtu yeyote kumwandikia sherifu bila kueleza sababu. Taja jina na namna zote linavyoandikwa, kipindi unachotaka, na karatasi mbili: ya kuandikishwa na ya kuachiwa. Ukiandika "kumbukumbu zote" utarudishiwa maswali na muda utakwenda. Kopi ya kawaida ni senti 10 kwa ukurasa. Sherifu akitaka kuzuia, ana siku 10 za kazi kuomba uamuzi wa mwanasheria mkuu wa jimbo, na taarifa za msingi za mtu aliyekamatwa hazizuiliki kwa kisingizio cha upelelezi. Tatizo ni kasi: siku 10 za kazi hazimsaidii mtu ambaye hakimu anamwona kesho asubuhi.

Kwa hiyo napendekeza tovuti ibebe saa 72 tu za kuingia na kutoka, bila picha, ikionyesha saa ya kuingia, dhamana, zuio na sababu ya kutoka. Ya zamani yapatikane kwa barua.

Bi Faraja:
Saa 72 sikubali. Programu za kunakili hupita hata kila saa. Afadhali kisanduku cha kutafuta: bila jina kamili na tarehe ya kuzaliwa huoni mtu.

Mkalimani wa Korti:
Hapo, dada, umewafungia nje hasa wale tunaowatetea. Jina kamili la nani, la pasi au la askari? Ukiwa na watu wanne wa 01/01 na majina yaliyogeuzwa, kisanduku kitajibu kwamba hayupo, na mama ataamini. Kama ni kisanduku, kikubali herufi tatu za jina lolote pamoja na tarehe ya kukamatwa, na chini yake iwepo namba ya simu ya jela inayopokelewa usiku. Na mjue pa kulipeleka ombi hilo: sherifu ndiye anayeamua kinachobandikwa, lakini bajeti ya programu hupitishwa na jaji wa kaunti na makamishna wanne, kwenye kikao cha wazi.

Bi Faraja:
Herufi tatu na tarehe, bila picha, na jina lifutike siku korti inapofuta kesi. Hilo la kufutika likiandikwa kwenye mkataba wa programu, nitasaini ombi.