Ramani ya Asia ya Ortelius: halisi au nakala?

Wakuu, niko London. Muuzaji ananipa ramani ya Asia ya Abraham Ortelius, mtengeneza ramani wa zamani, eti imetoka kwenye atlasi yake iliyoanza kuchapwa Antwerp mwaka 1570. Rangi zinang'aa mno, na nyuma ni nyeupe pe. Nitoe hela?

— Subiri kwanza. Atlasi ile ilikuwa na maandishi nyuma ya ramani: Kilatini, Kiholanzi, Kifaransa, kutegemea toleo. Nyuma tupu inatia shaka.

— Rangi isikutishe, nyingi zilipakwa baadaye. Papasa ukingoni: bamba la shaba lililochapia ramani halisi huacha alama ya kubonyea. Kisha chukua lenzi, tazama herufi na mistari ya pwani: ya bamba ni mistari mfululizo, ya mashine ya kisasa ni vidoti vya rangi.

— Nimetazama. Herufi na mistari yote ni vidoti vidogovidogo vya rangi, na ukingoni hakuna alama.

— Hiyo ni nakala ya mashine, mkuu. Mrudishie.