Kutoka Swift Sport hadi gari kubwa la saluni la dizeli: Mazda Atenza itafaa Malindi?

Mkaazi_wa_Shela

Assalaam aleikum wadau. Nina Suzuki Swift Sport ZC32S ya 2013, gia za mkono, nataka kuiuza nichukue saluni ya dizeli yenye nafasi na starehe. Kila wiki naenda Mombasa mara moja, mara nyingi na wazee wawili kiti cha nyuma. Siku zilizobaki ni mjini tu: sokoni, Casuarina, nyumbani. Macho yangu yako kwa Mazda Atenza 2.2 dizeli ya 2015 iliyokwisha kusajiliwa hapa nchini, lakini nasikia maneno mengi juu ya DPF. Mercedes E250 CDI na BMW 320d pia nimezifikiria. Kwa matumizi haya dizeli inafaa? Na nikague nini kabla ya kutoa pesa?

FundiNoseli

Waaleikum salaam. Safari ya Mombasa ndiyo inayokuruhusu kununua dizeli. Bila hiyo ningekwambia ubaki na petroli.

DPF ni chujio la masizi lililo kwenye ekzosi. Likijaa, kompyuta ya injini huamuru noseli zimwage dizeli ya ziada ili joto lipande na masizi yaungue. Kazi hiyo huchukua kama dakika 15 hadi 20 za mwendo usiokatika. Kilomita 120 za Malindi hadi Mombasa zinatosha kabisa. Ubaya ni kuzima gari katikati ya zoezi, tena na tena, kwa sababu ya safari za dakika tano. Hapo dizeli isiyoungua hupita kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye oili. Kwa hiyo kwenye Atenza oili inaweza kupanda badala ya kupungua. Dipstiki yake ina alama ya X juu ya alama ya F. Oili ikigusa X, imwage siku hiyo hiyo hata kama kilomita hazijatimia. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, haishiki beringi.

Ukaguzi uanze injini ikiwa baridi. Weka mkono juu ya boneti kabla haijawashwa. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto, mwambie utarudi kesho asubuhi. Kisha:

Vua kifuniko cha plastiki juu ya injini, utazame mashina ya noseli. Ukiona lami nyeusi iliyoganda, au ukisikia mlio wa pumzi inayotoka (chaf, chaf) injini ikiwa bado baridi, washa (ringi bapa) za shaba chini ya noseli zinavuja. Hili wengi hulidharau, nami nasema ndilo linaloua injini hizi kuliko DPF yenyewe. Moshi wa mwako huingia kwenye oili, oili inakuwa tope, tope linaziba chujio la waya ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), presha ya oili inashuka, halafu turbo na kamshafti vinakufa. Washa ni za bei ndogo. Zibadilishwe zote nne pamoja na bolti zake karibu na kilomita 100,000, na mahali pa kukalia pasafishwe mpaka chuma king'ae.

Fungua kifuniko cha kujazia oili, umulike ndani kwa tochi. Weusi wa oili ni kawaida ya dizeli. Magamba magumu ya kaboni si kawaida.

Ingiza kidole kwenye bomba la ekzosi. DPF nzima huacha bomba safi, vumbi la kijivu tu. Ukitoka na masizi meusi, chujio limepasuka au limekatwa.

Unganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Tazama umbali kati ya kujisafisha kwa DPF mara moja na nyingine. Kilomita 200 au zaidi ni dalili njema. Chini ya 100, tena kwenye barabara kuu, kuna tatizo: chujio limejaa majivu, noseli imechoka au menifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) imeziba.

Mwisho endesha hadi Gede na kurudi. Injini hii ina torki (nguvu ya kuvuta) ya Nm 420 kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa hiyo ukikanyaga taratibu gia ya nne inatakiwa ikuvute bila kukohoa. Ikisitasita kati ya 1,500 na 2,500, menifoldi ya kuvutia hewa na vali ya EGR (inayorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini) zimejaa kaboni. Zinafunguliwa, zinakwanguliwa kwa mkono. Asije mtu akakupulizia dawa ya kusafisha kwenye njia ya hewa huku injini inaunguruma: dizeli ikivuta mvuke unaowaka hupandisha mzunguko yenyewe, na ukizima swichi haisikii.

Gede_Matuta

FundiNoseli amemaliza upande wa injini. Mimi naongezea starehe, maana ndiyo sababu ya kuhama.

Tafuta Atenza yenye rimu za inchi 17, tairi 225/55R17. Zile za L Package (toleo la juu) zinakuja na 225/45R19. Ukuta wa tairi ya kwanza ni milimita 124, wa pili 101. Swift yako ina 195/45R17, yaani milimita 88 hivi, ndiyo maana kila shimo linafika mgongoni. Kwa wazee, tofauti ya 17 na 19 ni kubwa kuliko kiti cha ngozi.

Matuta: Swift Sport iko milimita 130 kutoka ardhini, Atenza 160. Usijidanganye kwamba basi umepona. Kutoka tairi la mbele hadi la nyuma Atenza ina milimita 2,830, na watu wanne pamoja na mizigo ya buti huikalisha chini. Tuta lenye kilele kikali litagusa tumbo. Ingia kwa mshazari, tairi moja kwanza. Kabla ya kununua, mulika chini utazame kinga ya plastiki ya injini; ikiwa imeshonwa kwa waya au haipo, gari limekwisha kupigwa.

Gari lina urefu wa milimita 4,865, karibu mita moja zaidi ya Swift. Pima geti na maegesho yako. Vichochoro vya mji wa kale havitakusamehe.

Mkaazi_wa_Shela

Shukran sana. Kuna fundi ameniambia DPF ikatwe tu, tabu iishe. Na zile Mercedes na BMW?

DizeliSafi_254

Usikate, ndugu yangu. Ukitoa chujio bila kubadilisha programu ya injini, kompyuta itaendelea kumwaga dizeli ya kusafishia kitu kisichokuwepo, na oili yako itazidi kupanda. Ukibadilisha programu ovyo, utatoa moshi mweusi kwa walio nyuma yako, na siku ya kuuza mnunuzi mwerevu ataingiza kidole kwenye bomba kama ulivyofundishwa hapo juu. DPF iliyojaa majivu huvuliwa na kuoshwa kwenye mashine.

320d: za hadi karibu 2015 zina injini ya N47, na cheni ya taimingi iko nyuma ya injini, upande wa giaboksi. Miongozo yake ya plastiki huvunjika. Ukisikia mkwaruzo kutoka nyuma, ondoka. Kuifikia ni lazima giaboksi ishuke au injini itoke. B47 iliyoifuata ni bora, ila uliza kama kipoza EGR kilibadilishwa, maana BMW waliyaita magari mengi yarudi kurekebishwa kwa kasoro hiyo kuanzia 2018.

E250 CDI ya W212 ndiyo laini kuliko zote kwa abiria wa nyuma, hapo sibishani. Injini yake ni OM651. Za miaka ya mwanzo zilikuja na noseli za Delphi zilizosumbua sana, hakikisha zilibadilishwa. Ukipanda hadi E220d mpya utakutana na AdBlue, maji ya urea ya asilimia 32.5 yanayomwagwa kwenye ekzosi kupunguza gesi chafu. Kwenye nyuzi 25 hudumu miezi 18, kwenye 35 miezi 6 tu. Kwa joto la Malindi usinunue madumu ya akiba, na usikubali dumu lililoanikwa juani dukani.

Kwa matumizi yako mimi ningechukua Atenza. Haina AdBlue kabisa.

Mzee_wa_Logibuku

Swift iuze mwenyewe, usiitoe kwa yadi ili uongeze pesa juu. Mwenye yadi lazima abakize faida yake kwenye magari yote mawili. Kama umefunga springi fupi au ekzosi ya kelele, rudisha vya kiwandani na uviuze kando. Anayetafuta Swift Sport ya gia za mkono hutaka isiyochezewa.

Kwa Atenza, fanya utafutaji wa rekodi ya gari NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kulipa hata arubuni. Jina la benki likitokea kama mmiliki mwenza, hakuna uhamisho mpaka deni liondolewe. Namba ya chesi isome kwenye chuma, si kwenye karatasi.

FundiNoseli

Ukishanunua: oili yote itoke, uweke 5W-30 ya kiwango cha C3, karibu lita 5 pamoja na filta. C3 ina majivu machache; oili ya lori itaziba DPF. Kitabu cha Japani kinasema kilomita 10,000, wewe mwaga kila 5,000. Dizeli yetu kwa miaka mingi imeruhusiwa salfa hadi ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni), ya kwao ni 10. Baada ya kumwaga, data ya oili ifutwe kwa mashine, wengi husahau, na kompyuta inabaki ikihesabu oili ya zamani.

Filta ya dizeli kila 20,000. Pampu inasukuma kwa presha ya hadi MPa 200 na inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa yanaitafuna. Jaza kwenye kituo chenye wateja wengi. Giaboksi ya otomatiki inataka oili ya ATF FZ pekee. Kumwaga mara moja hutoa karibu nusu, kwa hiyo rudia baada ya kilomita elfu kadhaa.

Na upepo wa bahari: osha chini ya gari kwa maji matamu kila wiki mbili, hasa mabomba ya breki na kondensa ya AC. Maji ya kisima yenye chumvi usiyatumie.