Fundi mitambo kahama, mtaa umebaki bila mtu. Nimejitolea, nianzie wapi?

Mjoli_wa_Mtaani
Shalom wapendwa. Mtaa wetu (tawi la usharika) wa KKKT una washarika kama 150, kwaya mbili, miksa ya chaneli 12, spika mbili zenye amplifaya ndani, kinanda na maiki sita. Aliyekuwa anashika mitambo kahamishwa kikazi. Kwaya ikisimama maiki zinapiga mluzi, kinanda kinavuma, na mahubiri hayafiki nyuma. Naombeni ushauri.

FundiSauti_Moro
Ubarikiwe mkuu. Kabla ya kugusa miksa, tazama spika zilipo. Ziwe mbele ya maiki zote, kwenye stendi, juu ya vichwa vya waliokaa. Spika ikiwa nyuma ya kwaya, sauti inarudi kwenye maiki na kuzunguka, ndio huo mluzi.

Halafu pima chaneli moja moja. Shusha kitelezi cha sauti cha chaneli hiyo (fader), mtu aongee kwa nguvu ya mahubiri (sio "chek, chek", hakuna anayehubiri hivyo). Ongeza GAIN (kirungu cha nguvu ya sauti inayoingia) mpaka taa nyekundu iwake, rudisha hadi isiwake tena, ndipo upandishe kitelezi. Maiki zote za kuongelea bonyeza kitufe cha 80 au 100 Hz, kinaondoa ule mngurumo wa chini.

Baba Paroko Mtarajiwa
Spika zenu ndogo tu, changisheni mnunue kubwa.

FundiSauti_Moro
Hapana. Spika kubwa mahali pabaya italia mluzi mkubwa zaidi.

alto_wa_pili
Kwaya ya watu 25, maiki mbili au tatu za stendi zinatosha. Ziweke kama nusu mita kutoka mstari wa kwanza, na kati ya maiki na maiki mita moja na nusu, zikikaribiana sauti zinamezana. Mwimba solo asifumbate kichwa cha maiki kwa kiganja. Akifumbata, inadaka sauti za kila upande, hata za spika. Isiyotumika ifunge. Maiki zilizo wazi zikiongezeka maradufu, kiasi cha sauti unachoweza kupandisha kabla ya mluzi kinapungua kama desibeli 3.

Mjoli_wa_Mtaani
Na kinanda?

waya_mrefu
Waya wa kinanda ukizidi mita 6 unaanza kuokota kelele. Tafuta DI boksi (kiboksi kinachogeuza sauti ya kinanda iweze kusafiri mbali bila kelele), iwe karibu na kinanda, kutoka hapo vuta waya wa XLR (ule wa maiki, wa pini tatu) hadi kwenye miksa. Chomeka kinanda na miksa kwenye umeme wa soketi moja. Kuna mafundi wanakata mguu wa ethi ili kuua mvumo. Usikubali, ni hatari kwa anayeshika maiki.

Kuwasha: miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima: spika kwanza. Umeme ukikatika katikati ya ibada, zima spika mara moja kabla jenereta halijawashwa, la sivyo ule mshtuko wa umeme kurudi unaweza kuunguza tweta (kispika kidogo cha sauti za juu).

Mama Jumuiya
Omba baraza la wazee bajeti ya betri za maiki zisizo na waya, na vijana wawili wa kufundisha tangu sasa. Ukisafiri mtaa utarudi palepale.