Mauntini za Runx zimekufa: orijino, mpya za kampuni nyingine, mtumba wa Japani au kujaza raba?

Dereva wa Kimara

Wakuu salaam. Nina Toyota Runx ya 2003, injini 1NZ, gia otomatiki. Tangu mwezi uliopita nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, mguu kwenye breki na gia kwenye D, usukani unatetemeka na kioo cha kati kinacheza mpaka gari ya nyuma siioni vizuri. Nikiweka N inatulia. Nikitoka R kwenda D kuna "ngo!" moja chini ya miguu, na abiria wananitazama kana kwamba nimegonga mtu.

Fundi wa kwanza kasema plagi. Nimebadili zote nne, kilichopungua ni pochi tu. Fundi wa pili kafungua boneti, katikisa injini kwa mkono, kasema mauntini zote nne, zile raba zenye chuma zinazoishikilia injini kwenye bodi, zimekwisha. Nimeshinda Gerezani kutwa nzima na kila duka lina lugha yake. Kwa hela ya orijino moja ya upande wa kulia naondoka na seti nzima ya mtumba na chenji ya mafuta. Kuna mpya za kampuni nyingine, bei katikati. Na jirani yangu ananiambia nisihangaike, kuna kijana anajaza raba kwenye ile ya zamani kwa bei ya chipsi kuku. Mliowahi kupita hapa, mlichagua ipi, na ilidumu?

Spana Kumi na Nne

Mkuu, subiri kwanza kutoa hela. Fundi aliyetikisa injini kwa mkono na kuzihukumu zote nne amekuonea. Injini hucheza kidogo hata kwenye gari mpya, mpira umewekwa pale ili icheze.

Fanya hivi. Tafuta mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe au magogo, vuta handibreki, kandamiza breki ya mguu haswa. Mwenzako afungue boneti asimame ubavuni. Asisimame mbele ya gari hata kwa utani, kuna watu wamevunjwa miguu kwa jaribio hili. Ingiza D, gusa mafuta kidogo mno. Rudi N, ingiza R, gusa tena. Injini italala huku kisha kule. Kulala kidogo ni kawaida. Ikiruka kama sentimita mbili na nusu au zaidi, au ikitua kwa kishindo, hapo kuna mpira umeachia.

Kisha zima, chukua tochi na mtaimbo. Mauntini ya kulia, upande wa cheni, na ya kushoto, upande wa gia boksi, ndizo zinazobeba uzito. Ya kulia mara nyingi ina kimiminika ndani yake kinachomeza mtetemo. Ikipasuka utaona majimaji meusi yamechuruzika juu ya chuma, na injini upande ule inakuwa imekaa chini. Ya mbele na ya nyuma kazi yake kubwa ni kuizuia injini isipinduke ukikanyaga mafuta. Ingiza mtaimbo taratibu, inua kidogo, uone kama mpira umebanduka kwenye chuma. Ufa mwembamba wa juu juu usikutishe, ufa unaofunguka kama mdomo ndio wenyewe.

Ukisikiliza dalili zako, zina wazazi wawili. Kutetemeka ukiwa D ningemshika wa kulia. Hiyo "ngo!" ningemshika wa nyuma au wa mbele.

Na kuhusu plagi: misi, yaani silinda kushindwa kuchoma mafuta yake, kwa kawaida haichagui gia. Gari yenye misi mara nyingi hutetemeka hata kwenye N, tena bila mpangilio, na mashine ya kupima kwa kawaida hutoa kodi ya P0300 au mojawapo ya P0301 hadi P0304. Wewe inatulia kwenye N. Naona plagi zako zilisingiziwa.

Binti wa Chuda

Mimi nilinasa kwenye mtego wa mtumba, nikueleze ili usinifuate. Gari ni IST, injini hiyohiyo 1NZ. Nilinunua seti nzima kwa muuzaji wa injini zilizokatwa kutoka Japani. Nyeusi, zinang'aa, nikaona nimeokota dodo. Mwezi wa nane tangu niifunge, ile ya kulia ikalala, mtetemo ukarudi uleule.

Fundi wangu hapa Tanga akacheka. Akaniambia mpira hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu miaka na joto, hata ukikaa kwenye rafu. IST zilianza kutoka 2002. Mauntini iliyovuliwa kwenye IST ya umri wa yangu ina umri wa yangu. Nilimwachisha kazi bibi mmoja nikamwajiri dada yake.

Kijiko cha Oili

Na huyo dada alipakwa wanja. Ile dawa ya kung'arisha tairi inafanya maajabu kwenye raba iliyochoka. Ukiwa dukani bonyeza kwa ukucha: raba nzima inarudi, iliyokufa ni ngumu kama soli ya kiatu cha mgambo.

Makanika wa Makupa

Habari zenu kutoka Mombasa. Nakubaliana na dada kuhusu mtumba, lakini msikimbilie kusema orijino ndiyo dawa ya kila kitu. Kwanza boksi la orijino si orijino, boksi lachapishwa popote. Pili, wateja wangu wengi wanafungiwa mpya za kampuni nyingine na zinakaa miaka. Tatizo ni moja, nalo ndilo linalowaponza watu: kuna zinazoigiza ile ya kulia kwa umbo tu. Ndani hamna kimiminika wala vyumba viwili, ni raba tupu iliyomiminwa. Ukiifunga, gari yatetemeka ukiwa D siku hiyohiyo ya kwanza, na makanika anaambiwa hajui kazi.

Ndiyo maana namwambia mteja aje na ile ya zamani mkononi, na namba ya chesi kwenye karatasi. Ya otomatiki na ya manyuali si lazima zilingane, na Runx ya 1ZZ si ya 1NZ. Linganisha uzito, matundu ya bolti, na urefu toka kwenye kikombe hadi kwenye bolti ya juu. Ikiwa nyepesi kupita ile mbovu, irudishe.

Mimi kwangu hubadilisha seti. Moja ikianguka, zile nyingine zabeba mzigo wa mwenziwe.

Spana Kumi na Nne

Makanika, kwa kimiminika nakuunga mkono. Kwa seti sikubaliani. Ya kushoto kwenye hizi Toyota nimezikuta nzima wakati ya kulia imeshafia kitambo. Kumvulisha mtu kitu kizima ni kumpa gharama, na mara nyingine unakivua kizima cha Japani unaweka kipya kisicho na jina.

Makanika wa Makupa

Sawa, lakini mteja akirudi miezi sita baadaye kwa ile ya nyuma, anakulipa wewe kazi mara mbili au anakusema mtaani?

Spana Kumi na Nne

Anasema mtaani. 😅 Ila namwonyesha kwa tochi kabla sijafunga, aamue mwenyewe.

Glanza ya Mwanza

Wacha niongezee njia ya tano ambayo hujaulizia. Kwenye Starlet Glanza yangu ya manyuali nilifunga za poliyurethani, zile ngumu za rangi. Gia zinaingia kama kisu kwenye siagi, injini haichezi kabisa. Lakini ndani ya gari ni mashine ya kusaga. Taa ya dashibodi inacheza, mlango unalia, mama watoto aligoma kupanda hadi nikazitoa. Zile ni za watu wa kukimbiza magari. Kwa otomatiki ya foleni ya Ubungo utajuta, maana utakuwa umelipa ili upate ugonjwa uleule unaoukimbia.

Mtu wa Sakina

Mnaponda sana kujaza raba ila wengine ndiko tuliko. Hapa Arusha nilijaziwa ya nyuma mara mbili. Mara ya kwanza kijana alikata vipande vya tairi akavipachika kwenye uwazi wa mauntini akafunga na waya. Wiki sita, vikatoka. Mara ya pili nikanunua mwenyewe gundi ya poliyurethani, ile mafundi wanayobandikia vioo vya mbele. Nilisafisha mafuta yote kwa petroli kidogo na brashi, nikakausha, nikajaza, nikaiacha siku nne bila kuigusa. Imevuka mwaka. Mtetemo umeongezeka kidogo, "ngo!" imekufa.

Binti wa Chuda

Mwaka mmoja kwa bei ya gundi si mbaya kaka, nakupa haki yako. Lakini hiyo ni ya nyuma. Ungeijaza ya kulia je?

Mtu wa Sakina

Hapana dada, ile yenye maji ndani haijazwi. Ikishamwaga, imekufa. Na kama mpira umebanduka kwenye chuma chenyewe, gundi haishiki. Nazungumzia ile yenye uwazi katikati, iliyopasuka tu.

Kijiko cha Oili

Na wenye Harrier ya V6 wasidhani haya yanawahusu yote. Ile mauntini ya mbele ina paipu ya vakyumu inayobadilisha ugumu wake. Paipu ikipasuka, gari inatetemeka na mauntini ni nzima. Nimeona mtu kanunua mpya kwa tatizo la kipande cha mpira kisichozidi kidole.

Dereva wa Kimara

Asanteni sana. Nimefanya jaribio na shemeji yangu leo asubuhi. Nikiingiza D injini haifanyi vituko, nikiingiza R upande wake wa nyuma unaruka na kutua kwa kishindo. Kwa tochi, ya nyuma imefunguka mdomo kabisa. Ya kulia ina majimaji, ila sijui kama ni yake au ni oili, maana upande mzima una mafuta. Ya kushoto na ya mbele naona nzima.

Spana Kumi na Nne

Hapo umefika kwenye chanzo. Futa kila kitu kwa kitambaa, endesha siku mbili, angalia tena. Ikiwa oili inashuka kutoka kwenye kava la valvu, kile kifuniko cha juu ya injini, badilisha gasketi yake kwanza, kwa sababu oili inailainisha raba mpaka inavimba na kubanduka. Ukifunga mauntini mpya chini ya injini inayovuja utairudia.

Ushauri wangu kwa mfuko wako: hela kubwa iweke kwenye ya kulia, ipate orijino kwa muuzaji unayemwamini, au ya kampuni nyingine ambayo umehakikisha ina kimiminika. Ya nyuma chukua mpya ya bei ya kati. Mtumba hapana. Ya kushoto iache ifanye kazi yake.

Siku ya kufunga simama hapo uangalie mambo matatu. Jeki isikae moja kwa moja chini ya sampu, lile beseni la oili, ni bati, litabonyea. Iwekwe na ubao mpana katikati. Pili, zitolewe moja moja, na bolti zote zianze kwa vidole kabla ya spana. Tatu, na hili mafundi wengi wanaliruka: ya nyuma isikazwe injini ikiwa bado imeinuliwa. Jeki ishuke, injini itikiswe, iwashwe, izimwe, ikae kwa uzito wake. Ndipo bolti zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Ikikazwa mapema, raba inazaliwa imepindishwa, na kabla ya mwaka inachanika palepale.

Makanika wa Makupa

Na aangalie ile sehemu laini ya bomba la moshi akiwa chini huko. Injini iliyoruka miezi huchana hapo kwanza, halafu wasema gari ina kelele mpya.

Dereva wa Kimara

Mrejesho wakuu, wiki tatu baadaye. Ilikuwa vyote viwili: kava la valvu lilikuwa linavuja, na ya kulia nayo ilikuwa imemwaga maji yake. Tulipoiweka mpya pembeni ya mbovu, mbovu ilikuwa fupi waziwazi. Nimefunga orijino kulia, ya kampuni nyingine nyuma, gasketi mpya. Fundi alitaka kukaza ya nyuma jeki ikiwa juu. Nikamwambia kaka subiri, akaniuliza nimesomea wapi. 😂

"Ngo!" haipo. Mtetemo kwenye D umeisha, isipokuwa nikiwasha AC ulibaki mdogo. Tumesafisha throtoli, ule mlango wa hewa ya injini, ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikapanda kidogo na huo nao ukaondoka. Bomba la moshi, Makanika, lilikuwa na ufa mdogo palepale ulipopataja. Limechomelewa.

Jana jioni nikiwa Ubungo kwenye foleni nimeweza kusoma namba ya daladala iliyokuwa nyuma yangu kwenye kioo cha kati. Kinyumenyume, lakini nimeisoma.