Naomba ushauri: ada ya maegesho kupandishwa katika nyumba za umma, Mbeya

Ndugu zangu, heshima kwenu. Sisi wapangaji wa nyumba za taasisi moja ya umma hapa Mbeya tumebandikiwa tangazo kwamba ada ya kibali cha kuegesha gari itapanda maradufu kuanzia mwezi ujao, wala hatukuitwa kwenye kikao chochote. Mkataba wangu unataja kodi kwa tarakimu, lakini kuhusu maegesho unasema tu “kwa utaratibu utakaowekwa”. Je, maneno hayo yanampa mwenye nyumba uhuru wa kupanga kiwango chochote?

Ninayemhurumia zaidi ni jirani yetu, mzee mstaafu, ambaye pikapu yake chakavu ya kupeleka viazi sokoni Mwanjelwa ndiyo inayomlisha; akiilaza barabarani, kesho ataikuta haina betri.

Nafahamu kwamba migogoro ya upangaji hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kwamba kuishitaki Serikali hutanguliwa na notisi ya siku 90. Je, tuanze na barua ya pamoja kwa meneja? Na nikilipa kiwango kipya wakati tunasubiri majibu, nitahesabiwa kuwa nimekubali? Naomba hasa mawazo ya wanasheria na ya wapangaji waliowahi kupitia jambo hili.