Profesa anahesabu visiki ili ajue minyoo ya kima, kuna anayeielewa hii?

MkulimaUvinza: Wakuu habari za saa hizi. Niko Uvinza, shamba langu limepakana na msitu, zamani ulikuwa msitu kweli ila sahivi umebaki vipande vipande, watu wamekata mkaa wamechoma matofali. Nyani wanashuka kila asubuhi kwenye mahindi na wanakunya humohumo. Juzi mtoto wangu wa mwisho kapimwa choo zahanati kaambiwa ana minyoo, mama yake anasema ni hao nyani, majirani nao wanataka tuwatege kwa sumu. Sasa kuna kijana wa chuo alipita hapa akanambia kuna profesa Mmarekani alikuwa Uganda anahesabu visiki vya miti ndo ajue kima wana minyoo kiasi gani. Kisiki na mnyoo wapi na wapi? Na nyani wanatuambukiza kweli?

Bi Darubini: Kaka yangu huyo kijana yuko sahihi. Profesa ni Thomas Gillespie wa Chuo Kikuu cha Emory, kazi yenyewe aliifanya na Colin Chapman pembeni ya hifadhi ya Kibale magharibi mwa Uganda, ikachapishwa 2006. Nje ya hifadhi kule kuna vijisitu vimebaki katikati ya mashamba, kila kimoja na mbega wake (nao ni jamii ya kima) wamebanwa humo. Wakapima mambo mengi, ukubwa wa kijisitu, aina za miti, wingi wa mbega, halafu wakachunguza kinyesi. Kilichoenda sambamba na minyoo ya mbega wekundu kuliko vyote ni wingi wa visiki, na hata mayai na viluwiluwi vya minyoo kwenye mazingira yenyewe vilikuwa vingi zaidi kwenye visiki vingi. Kisiki ni alama tu. Kinakwambia mtu ameingia hapo na panga, amekaa, pengine amejisaidia hapohapo kwenye majani, na mti uliokuwa chakula cha mbega haupo tena, kwahiyo mnyama ana njaa, mwili umechoka, na wote wanarundikana kwenye miti michache iliyobaki wakinyeana. Mnyoo anataka nini tena zaidi ya hapo?

mtu_wa_sampuli: Naongezea maana hii kazi ya vinyesi nimeifanya miaka miwili. Unaamka saa kumi na moja unakaa chini ya mti waliolala kima, kikidondoka tu unakiokota na kijiti, unachukua katikati kusikogusa udongo, unatia kwenye kichupa cha formalini, dawa ya kuhifadhi isioze, unaandika saa na mnyama. Maabara unachanganya na maji ya chumvi nzito, mayai yanaelea juu yanagandia kwenye kioo chembamba cha darubini. Yai la mnyoo mjeledi, kitaalamu Trichuris, nikiliona hata usingizini nalijua, kama kipipa cha rangi ya asali kina kizibo huku na kizibo huku. Likitoka tu haliambukizi, linahitaji wiki mbili tatu kwenye udongo wenye kivuli na unyevu ndo liive. Kwahiyo MkulimaUvinza, kinyesi kibichi cha leo sio kinachokuumiza, ni udongo wa mwezi uliopita.

Kuhusu nani anamwambukiza nani, pale pale Kibale kuna utafiti wa 2014 walipima vinasaba vya minyoo mijeledi wakakuta aina moja iko kwa watu na iko kwa kima pia. Njia inaweza kuwa na pande mbili. Na kwenye hifadhi ya Bwindi, hukohuko Uganda, 1996 sokwe wa milimani (gorila) walipata upele mbaya, mtoto wao mmoja akafa, ilishukiwa umetoka kwa watu wa jirani, daktari aliyekuwa pale ni Gladys Kalema-Zikusoka. Naomba tusiwe wepesi wa kumbebesha mnyama lawama.

Nesi Mwandiga: Mimi nauliza jambo dogo, zahanati walisema minyoo GANI? Kama ni safura inaingia kwa ngozi ya mguu, mtoto anatakiwa viatu. Kama ni mjeledi anakula na udongo wa mikono, na dozi moja ya albendazo mara nyingi haiumalizi, rudi wakupimie tena choo. Sumu iacheni kabisa, mtaua mbwa na kuku na pengine mtoto, na mayai yatabaki udongoni kama yalivyo.

MkulimaUvinza: Asanteni sana, nimetulia sasa. Cheti kimeandikwa Trichuris kwa kalamu nyekundu sikujua ndo mjeledi. Nimejiuliza usiku na nimeona nisiseme uongo, vibarua wangu wakilima upande wa msituni hawana choo, wanaingia humohumo msituni, na visiki vya pale vingine nimekata mimi mwenyewe mwaka ule wa kujenga. Kesho naanza kuchimba shimo la choo pale mwisho wa shamba, miti ya kufunikia nachukua ya mikaratusi sio ya msituni. Majirani nimewasomea majibu yenu, mmoja bado mbishi, wawili wamekubali tulinde kwa zamu alfajiri. Mtu_wa_sampuli kama uko Kigoma nitafute inboksi, nataka nione hicho kipipa kwa macho yangu.

mtu_wa_sampuli: Niko Kigoma mjini mkuu, nakuja inboksi. Kichupa nitakuja nacho.