Mtu anakata pumzi usingizini, unamuuzia dawa ya usingizi?

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Mume wangu ni dereva wa lori. Anakoroma mpaka mpangaji wa chumba cha pili anagonga ukuta. Ndugu zake hucheka, eti huo ndio usingizi mnono. Mnono gani wa mtu anayeamka kichwa kinamgonga, na saa nne asubuhi anasinzia na tonge mkononi?

Wiki iliyopita akaenda duka la dawa hapa mtaani, akasema anaamka amechoka. Kijana wa kaunta hakumuuliza kazi yake wala karatasi ya daktari. Akamfungia diazepamu: "Meza viwili, utalala fofofo."

Usiku ule asiyelala nikawa mimi. Anakoroma, mara kimya. Nikaanza kuhesabu. Nimefika 28 ndipo akavuta pumzi kwa kishindo kama aliyeibuka majini. Halafu tena kimya! Namtikisa, haamki. Na alfajiri alitakiwa aondoke na mzigo wa Tunduma, apande mlima wa Kitonga. Nilificha funguo, tukagombana, sijali.

Daktari ndiye aliyetufumbua macho. Ukilala, misuli ya koo inalegea, na ukilala chali ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba. Pombe na dawa za usingizi zinailegeza zaidi, na mwili unachelewa kushtuka. Pumzi ikikatika sekunde 10 tu inahesabiwa kuwa ni tatizo. Huyu wangu 28! Presha nayo wakaikuta 160 kwa 100.

Sasa nimemshonea mfuko mgongoni mwa fulana, nikatia mpira wa tenisi. Akigeuka chali unamfinya, anarudi ubavu. Kitanda nimekiinua kichwani kwa matofali, maana kulundika mito kulimkunja shingo tu. Bia za jioni kaapa kuacha (tutaona). Kelele zimepungua, lakini pumzi bado inakatika, kwa hiyo daktari anataka apimwe akiwa usingizini, na huenda akahitaji mashine ya kusukuma hewa puani. Bei yake nilipoisikia nilitafuta pa kukaa.

Jana nikarudi dukani na vidonge vilivyobaki, nikamweleza yule kijana yote, mpaka ile 28. Akanisikiliza, akaniuliza:

"Sasa dada, si alilala lakini?"

Nitamshtaki wapi huyu?